Rubani Anaposema "Siwezi"

Katika miaka 19 niliyofanya kazi ya kuongoza ndege, mnarani na kwenye chumba cha rada, hakuna neno lililowahi kuniudhi kama "siwezi". Mwaka wangu wa tatu kazini nilimwagiza kapteni wa jeti ashuke upesi hadi futi 4,000 na papo hapo apunguze mwendo, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na ndege ndogo ya abiria 12 iliyokuwa ikijikongoja kutoka visiwani. Akajibu kwamba anaweza kushuka au kupunguza mwendo, lakini si vyote viwili kwa pamoja. Nikamwona mwenye kiburi, nikamzungusha hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, jambo ambalo hata leo nalionea aibu.

Miezi michache baadaye nilipata nafasi ya kusafiri nikiwa nimeketi nyuma ya marubani. Jeti iliyoinamisha pua huongeza kasi yenyewe hata injini zikipunguzwa kabisa. Niliona vibao vya breki vimeinuliwa juu ya mabawa, ndege nzima inatetemeka, na bado mshale wa mwendo haukushuka mpaka rubani alipoinyoosha. Kisha agizo la redio likaingia wakiwa katikati ya kusoma orodha ya ukaguzi wa kutua, nao wakalazimika kuianza upya. Sisi huku chini tunachosikia ni kimya cha sekunde tano, tukadhani tunapuuzwa.

Kwa hiyo, kijana unayeanza kazi hii, ukisikia "siwezi" ichukue kuwa ni taarifa kuhusu ndege, si jeuri ya mtu, na ubadilishe mpango wako kwanza. Hasira itakusubiri mpaka zamu iishe.

Kwa marubani, kosa ninaloliogopa zaidi ni kulizungusha jambo kwa adabu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52, ikitoka Kolombia kwenda New York, ilisubirishwa angani mara tatu kwa jumla ya saa 1 na dakika 17, kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Marubani waliomba kipaumbele, wakataja hata kwamba mafuta yanakwisha, lakini hawakutamka kuwa wako katika hali ya dharura, na waongozaji walioshughulikia ndege chungu nzima usiku ule hawakuielewa hatari yenyewe. Baada ya kushindwa kutua mara ya kwanza, ndege iliishiwa mafuta ikaanguka Cove Neck, karibu na New York, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Siku hizi kuna tamko rasmi la mafuta kufikia kiwango cha chini, na hali ikizidi hapo ni "Mayday", mwito wa dharura. Yatumieni maneno hayo bila haya.

Nalisisitiza hili kwa sababu nawajua watu wa kwetu. Aliyelelewa kwa shikamoo huona tabu kumkatalia kapteni aliye rika la baba yake, na rubani msaidizi naye huona tabu kumwambia mkubwa wake kwamba mafuta yaliyobaki ni ya nusu saa tu. Pengine ndiyo maana sikichukii Kiingereza cha redioni, maana hakina shikamoo.

Ugomvi nao usifanyike hewani. Watu wawili wakibonyeza vitufe vya redio zao kwa pamoja, wengine husikia mluzi tu. Kule Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, mluzi wa namna hiyo ulifunika maneno kwamba ndege ya shirika la Pan Am bado iko kwenye njia ya kurukia, huku ile ya shirika la KLM imekwisha kuanza mbio za kuruka ndani ya ukungu. Ziligongana, wakafa watu 583. Mwenye malalamiko aandike saa na namba ya ndege, kisha apige simu akiwa chini.

Mimi nilimpigia yule kapteni wangu, nikamwomba radhi, nikamkaribisha mnarani. Alisimama nyuma yangu saa nzima, akanitazama nikizungumza na jeti mbili, na simu ya kituo jirani, na gari lililokuwa likifukuza ndege, wale wenye manyoya, kwenye njia ya kurukia. Alipokuwa akiaga aliniuliza kwa nini siku ile sikumwambia tu kwamba mbele yake kuna ndege ndogo. Sikuwa na jibu.