Jibu: Je, HTML na CSS zinatosha kuanza kozi ya juu?

Ndugu, umeuliza kama HTML (lugha ya kupanga yaliyomo kwenye ukurasa wa wavuti) na CSS (lugha ya kuupamba) pekee zinatosha kuingia katika kozi ya chuo ya programu za wavuti ngazi ya juu. Hazitoshi, kwa kuwa mara nyingi kozi hizo huchukulia kwamba mwanafunzi tayari anaandika JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa umwitikie mtumiaji, bila kubabaika, kisha humpeleka upande wa seva (kompyuta inayohudumia tovuti) na hifadhidata, ambako, kwa maoni yangu, ndiko kwenye kazi yenyewe.

Kabla ya muhula kuanza, tengeneza fomu ya usajili kwa PHP (lugha ya upande wa seva) na MySQL (programu ya hifadhidata), halafu sajili jina kama Ng'washi. Ikiwa ritifaa hiyo (alama ') itavuruga amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, basi umechanganya maandishi ya mtumiaji na amri yenyewe, na wadukuzi hupitia hapohapo. Jifunze kutumia prepare() ya PDO, kiunganishi cha PHP na hifadhidata, ili amri na maandishi ya mtumiaji vipelekwe kando kando.