Nina usaili Alhamisi, nianzie wapi?

Swali: Shangazi, nimeitwa usaili wa mafunzo kwa vitendo, idara ya uhasibu. Wakisema "jieleze", niseme nini? Sijawahi kuajiriwa.

Jibu: Mwanangu, usianzie shule ya msingi. Nimekaa sana upande wa wanaouliza. Wengi hutusomea wasifu tulioushika mkononi! Simulia kazi moja uliyoifanya mwenyewe, hata daftari la michango ya darasa. Hesabu zilipishana kwa 27? Eleza ulivyoona inagawanyika kwa 9, ukashuku tarakimu zimebadilishana nafasi, ukakuta 58 imeandikwa 85. Hapo kalamu zetu huanza kuandika. Ifanyie mazoezi kwa sauti, dakika 2 tu. Ukiulizwa udhaifu, usijibu "napenda kazi kupita kiasi", huwa tunatazamana. Nawe uliza nani atakusimamia.