Ufa ulionifanya nimkosee fundi

Juzi kijana mmoja wa Ipuli, ndiyo kwanza katoka chuo, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Ukuta wa mteja umepasuka, nimeziba, umepasuka tena. Nadhani fundi aliyejenga aliiba saruji." Hilo neno "aliiba" limeninyima usingizi.

Miaka kadhaa nyuma, hapahapa Tabora, mama mmoja wa Isevya aliniita. Kona ya jikoni ilikuwa na ufa uliopanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali. Juu kidole kiliingia, chini hata ukucha ulikwama. Nikakwangua saruji kwa ufunguo, ikamong'onyoka kidogo, nikatangaza mbele ya watu: fundi kala mifuko. Fundi mwenyewe mtu mzima wa kunizaa. Akanyimwa malipo yake ya mwisho. Mimi nikaziba ufa, nikalipwa.

Mvua zilipoanza, ufa ukarudi. Safari hii nikabandika viraka vitatu vya jasi juu yake, kila kimoja na tarehe kwa penseli, nione kama ufa bado unatembea. Ikanyesha kubwa, cha juu kikakatika. Ikanyesha tena, cha kati. Ufa mpana juu na mwembamba chini unakuonyesha kona inazama, na nilipaswa kulisoma hilo siku ya kwanza. Nikachimba pembeni ya msingi: udongo laini kama uji. Hatua nne mbele, sururu inadunda. Nikainua macho. Bomba la gata lilikuwa likimwaga maji ya paa zima palepale, na liliwekwa baada ya fundi yule kuondoka.

Nilikwenda kumwomba radhi. Mkono aliupokea, soda hakuigusa. Mama alimlipa, lakini mtaa ulikuwa umeshamwita mwizi.

Mdogo wangu, chimba kwanza. Fuata maji: gata, bomba la bafuni, shimo la choo. Uliza kilichobadilika. Mwaka 1981 huko Kansas City, Marekani, njia za kupitia watu zilizoning'inia hewani ndani ya hoteli ya Hyatt zilianguka, watu 114 wakafa. Vyuma virefu vya kuning'inizia njia mbili vilikuwa vimegeuzwa vipande viwili viwili, nati za njia ya juu zikabebeshwa mzigo wa zote mbili. Badiliko dogo kwenye mchoro.

Sisi wenye vyeti neno letu linaaminiwa haraka mno, na linamkosesha mtu kazi. Huyo fundi wako umeshampigia simu? Yeye ndiye aliyeuona msingi ukiwa wazi. Mpigie leo, kabla hujakoroga plasta nyingine.