Waini ya Dodoma na msosi wake

Dada uliyeuliza unakuja Dodoma wikiendi, unywe waini gani ya kwetu na ule nini, anza na nyekundu ya zabibu za Makutupora, iwe drai, yaani isiyo na sukari, usikimbilie ile swit kwanza. Iweke kwenye friji kama dakika 20 maana joto la huku likiikuta inakuwa kali puani inanuka spiriti tu, ikipoa kidogo ndo utasikia tunda lenyewe. Hiyo kula na mbuzi choma, chagua mbavu zenye mafuta, chovya kwenye chumvi na ndimu, pilipili weka kwa mbali sana kwa sababu ukali wa pilipili na ule ukakasi wa waini nyekundu vinapigana mdomoni na waini ndo inayoonekana mbaya bure.

Kama unapenda samaki tafuta perege wa bwawa la Mtera, wakaangwe wakauke, halafu waini nyeupe ya zabibu aina ya Chenin Blanc iwe baridi kabisa, aisee ule uchachu unakata mafuta vizuri mno.

Dompo, waini nyingine ya huku, ni tamu na ina nguvu, hiyo acha mwishoni na karanga za kukaanga, glasi ndogo inatosha.

Na ukipata nafasi fika Hombolo uone mashamba, zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, ukiangukia msimu onja zabibu freshi kutoka shambani halafu jioni ndo ufungue chupa, utaelewa nnachosema.