Kabla ya Sikinde na Msondo, mimi nilinaswa na Shirati Jazz

Wakuu, salaam. Mleta uzi kauliza bendi gani ilitutia huu ugonjwa wa muziki usiopona, na kurasa zote nne naona ni ligi ya Sikinde na Msondo, bendi kongwe za Dar, wachache wakichomekea Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu. Sina ugomvi na hao, nitawafikia. Ila mimi nimekulia Kirumba, Mwanza, na huku kwetu muziki haukuja kwa treni kutoka Dar peke yake. Mwingine ulikuja kwa maji.

Baba alikuwa fundi karabai, zile taa za pampu za mafuta ya taa, kibanda chake jirani na soko la samaki la Mwaloni. Vijana wa leo mmezoea kuona taa za sola kwenye mitumbwi ya dagaa; enzi zile ilikuwa karabai tupu. Dagaa wanavuliwa giza. Mwezi ukikomaa hawafuati taa, wavuvi wanapanda nchi kavu siku kadhaa, na hapo ndipo karabai zote zinamiminika kwa fundi: hii pampu imelegea, hii soksi imetoboka, ile imeziba haipandishi mafuta. Kwa hiyo kibanda chetu kilijaa na kupungua kwa kufuata mwezi, kalenda ilikuwa ya watu wa ofisini. Na mvuvi aliyekaa nchi kavu na hela mfukoni anataka vitu viwili. Cha kwanza mnakijua, cha pili ni muziki.

Redio tulikuwa nayo, betri zikichoka zinaanikwa juu ya bati zipate uhai wa jioni moja zaidi. Lakini shujaa wa hadithi hii ni mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa na mtumbwi wa mashine na safari za Musoma. Mara nyingine alipitiliza Musoma, na hakuna aliyemuuliza alifika wapi. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Dukani sabuni hakuna, mafuta ya kula hakuna, ila mjomba akirudi nyumba nzima inanukia sabuni ya mche. Na katikati ya hiyo miche, zimeviringishwa kwenye khanga zisikwaruzike, santuri.

Wadogo zetu muelewe jambo hapa. Bendi za kwetu zilirekodi studio za Radio Tanzania, wimbo unabaki kwenye tepu ya redio, unausikia siku wakiamua kuupiga. Kufyatua santuri ilikuwa kazi ya Nairobi. Kwa hiyo mtoto wa Kirumba angeweza kuwasikia NUTA, ndio hao Msondo, kila wiki asiwashike mkononi hata siku moja, wakati Shirati Jazz, bendi ya benga iliyorekodi Kenya, nilikuwa nawashika, nawafuta vumbi kwa shati.

Gramafoni ya mjomba ilikuwa ya betri, spika imo kwenye kifuniko. Juu ya kichwa cha sindano alikuwa amegandisha senti ishirini, ile yenye picha ya mbuni, maana bila uzito ule sindano ilikuwa inaruka kama panzi. Zile santuri ndogo zilikuwa na wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Upande wa kwanza jamaa anaimba, upande wa pili magitaa yanafumuka. Kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kugeuza. Watu wamesimama kwenye mchanga, mbalamwezi kali, viuno vimeshapata moto, upande wa kwanza unakatika ghafla na mtu anapiga ukelele: "Geuza, we mtoto!" Nikichelewa watu wanapoa na mimi natukanwa. Nikiwahi naletewa mkia wa sato.

Kwa hiyo ikabidi nijifunze kusikiliza. Nikajua gitaa la solo likishapanda mara ya tatu na kurudi chini, zimebaki raundi mbili, niweke mkono tayari. Nikajua besi inapobadilisha njia mwimbaji yuko karibu kunyamaza. Hakuna aliyenifundisha, na maneno yasingenisaidia kwa sababu yalikuwa Kijaluo, lugha ambayo mpaka leo naishia "oyawore". Nadhani ndiyo maana nikawa mtu wa vyombo. Hata leo wimbo ukianza mke wangu anasikiliza kilichosemwa, mimi niko kwenye besi.

Sasa yule ndugu wa ukurasa wa pili aliyeandika kwamba benga, huu muziki wa magitaa wa Wajaluo, ni mali ya Wakenya, hatuna haki nayo. Nusu nakupa. Imekomaa kwao na imerekodiwa kwao. Ila Daniel Owino Misiani, mwenye Shirati Jazz yenyewe, ni mzaliwa wa upande wetu, karibu na Shirati, Rorya ya leo, mkoa wa Mara. Jina la bendi umeliona? Alivuka akajulikana Kenya, akaimba mpaka siasa zikamtia ndani zaidi ya mara moja, na akafariki kwa ajali ya gari Kisumu mwaka 2006. Yule ni mtu wa ziwa. Ziwa halikuwekewa geti.

Na nikwambie solo la benga linatoka wapi. Miaka mingi baadaye nilimwona mzee wa Rorya kwenye sherehe Pasiansi, amekaa chini na nyatiti yake, chombo cha Kijaluo cha nyuzi nane, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma anaigonga kwenye ukingo wa chombo. Vidole vinadonoa, mguu unagonga, mdomo unaimba. Nikasimama pale nimeganda na sahani ya pilau. Ule mdonoo ndio solo la Shirati, na ule mguu ndio ngoma. Wale jamaa walichukua kazi ya mzee mmoja wakaigawa kwa watu wanne.

Haya, Sikinde. Jina lake rasmi ni Mlimani Park, imeanza 1978 na kwetu ilifika kwa redio, na kwa bendi za hapahapa mjini zilizokuwa zikikopi nyimbo za Dar. Nyuma ya ukumbi mmoja kulikuwa na jiwe, Mwanza si mnaijua, kila nyumba ina jiwe lake. Watoto tulikuwa tunalipanda usiku. Ukuta ulikuwa mrefu, jiwe fupi, tulichoweza kuona ni kipande cha kona ya jukwaa: mpiga besi na nusu ya drams. Mwimbaji sikuwahi kumwona sura. Nikawa namtazama yule wa besi saa nzima, jamaa mwembamba, anapiga macho yamefumba kama anayesinzia, halafu chemko, ile sehemu ya kuchezea, likianza anafungua jicho moja tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyimbo za Sikinde zina milango miwili: kwanza unasimuliwa kisa, umekaa kitini umetulia, kisha vinaingia vyombo na huna tena ruhusa ya kukaa. Cosmas Chidumule akiimba "Neema" nilikuwa nalia bila sababu, sina hata mchumba wa kunikimbia.

Msondo nao nawaheshimu, hasa kwa gitaa la Saidi Mabera na ule uvumilivu wa kubadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kinapobadilika, NUTA, JUWATA, OTTU, bendi ni ileile. Ila kwenye ligi yenu kura yangu ni Sikinde, kwa sababu ya matarumbeta. Les Wanyika nao wangestahili uzi wao. Wengi wao ni vijana waliotoka kwetu wakatamba Nairobi, na kwa kanda zao tulipendezesha harusi zote za Mabatini na Igoma kwa muongo mzima.

Turudi kwa santuri. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya serikali dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wenye mali za magendo. Wengi mnakumbuka, watu walikuwa wanatupa mali usiku. Kulikucha asubuhi tukakuta katoni za sabuni zinaelea ziwani, watoto tunaziogelea. Mjomba aliingiwa na hofu. Miche iliyobaki akagawa kwa majirani, lakini santuri roho haikumruhusu. Akazipandisha darini, chini ya bati, juu yake magunia. Akamwambia mama, "Dada, hizi hujaziona."

Zilikaa huko kiangazi chote. Mwisho wa mwaka uleule mpaka ukafunguliwa, mjomba akaja mbio kushusha mali yake. Zilikuwa zimejikunja kwa joto la bati kama chapati zilizosahauliwa jikoni. Alikaa kwenye ngazi, hakusema kitu, akawa anazipokea moja moja na kuziweka kando. Moja tu ilikuwa na nafuu, ya Shirati, imepinda kidogo upande mmoja. Tukaiweka. Senti ishirini ikawa inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, na sauti nayo vivyo hivyo, inazama, inaibuka, inazama. Wavuvi wakaikubali hivyohivyo. Wakatafuta na namna ya kuicheza, bega moja linashuka pale sauti inapozama. Nimeigeuza santuri ile hadi nikaenda sekondari.

Mwaka jana mpwa wangu wa Nyegezi alinikuta nauimba. Jina la wimbo silijui, lebo ilishabanduka zamani, kwa hiyo nikamwimbia gitaa kwa mdomo, naye akahangaika na simu jioni nzima, anaruka kutoka wimbo hadi wimbo, hadi akaupata. Ni wenyewe kabisa, safi, hauna hata mkwaruzo. Umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho.

Nikasikiliza mpaka pale solo linapopanda mara ya tatu. Bega likashuka lenyewe, sauti haikuzama. Nikamwambia, "Zima, baba, hawa wameupiga haraka mno." Yeye anasema ni rekodi ileile.