Kutoka Tromsø hadi Longyearbyen

SWALI: Mhariri, naomba kufahamishwa umbali na muda wa safari ya ndege kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hadi Longyearbyen, visiwani Svalbard. Je, pasipoti yahitajika?

JIBU: Umbali ni takriban kilomita 960, na ndege ya abiria huchukua kama saa 1 na dakika 40, ingawa upepo mkali au ukungu huweza kuurefusha muda huo. Pasipoti ndiyo ambayo wengi huisahau: Svalbard, japo ni milki ya Norwei, imo nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka baina yao), kwa hiyo abiria anayetoka Oslo kwa ndege inayotua Tromsø huteremshwa, akakaguliwa pasipoti, kisha akapanda tena. Tenga muda wa kutosha kwa ukaguzi huo.