Majirani wanatupa taka mtoni mvua ikinyesha, nifanyeje?

Pole dada, hao majirani wanaosubiri mvua ndo watupe pampasi kwenye mfereji unaoingia Mto Msimbazi hapa Dar usianze kwa kuwagombeza, watakununia tu na taka watatupa usiku. Kaa na mjumbe kwanza, awaite watu palepale mferejini sio ofisini, waone kwa macho pampasi zilivyoziba kalavati, maana maji yakikosa njia yanarudi vyumbani kwenu na kinyesi chake, na yakipita yanashuka mpaka baharini kule daraja la Selander, samaki hao hao tunawala. Halafu kama gari la taka haliingii uchochoroni changishaneni hela ya mkokoteni, hapa ndo wengi wanakwama kwa kweli. Maganda na mabaki ya chakula tengeni, wafuga nguruwe wanayatafuta sana.